Ndege Mpya, Uwanja Gani?

   

Leo tuzungumze kuhusu ndege. Nazungumzia ndege zile zinazorushwa ndani ya kompyuta, kwenye programu tunayoiita simuleta. Wapo vijana wengi, na watu wazima pia, wanaoketi mbele ya skrini usiku wakatoka Mwanza, wakavuka Ziwa Victoria, wakatua Entebbe, na hawajatoka chumbani mwao. Wengine wana programu za kulipia, kama Microsoft Flight Simulator au X-Plane. Wengine wanatumia FlightGear, ambayo haiuzwi, unaichukua bure. Na wote hawa wana siku moja wanayoifurahia sana, siku ya kuingiza ndege mpya. Umeisubiri, umeipakua kwa bando lako, umeiweka kwenye kompyuta, inang'aa, mlango wa chumba cha rubani uko wazi. Sasa ndugu yangu, dada yangu, swali langu la leo ni hili: ndege hiyo mpya unaipeleka kwanza uwanja gani?

Pengine utasema, swali dogo hilo, viwanja vimejaa tele, chagua wowote. Mimi nasema ni swali kubwa. Uwanja unaouchagua ndio unaoamua utaijua ndege yako kwa kiasi gani. Ukichagua vizuri, kwa jioni moja utajua kama fundi aliyeitengeneza ndege hiyo alifanya kazi yake sawasawa. Ukichagua vibaya, utarusha wiki nzima na bado hutajua kama tatizo ni ndege, ni uwanja, ni kompyuta au ni mkono wako.

Tuanze hapo hapo, kwenye uchaguzi mbaya. Watu wengi wakipata ndege mpya wanakimbilia viwanja maarufu kwa ugumu. Unaopendwa kuliko vyote ni Lukla, kule Nepal, kwenye njia ya wapanda mlima wa Everest. Tuutazame kidogo uwanja huu. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu. Haiko tambarare, imeinama kwa zaidi ya asilimia 11. Ncha moja inatazama ukuta wa mlima, ncha nyingine inaishia bondeni. Na uwanja wote uko zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Basi wewe umepeleka ndege usiyoijua hapo, ukashuka, ukapita, ukagonga ukuta. Nakuuliza: umejifunza nini? Breki za ndege ni mbovu? Njia ni fupi mno kwa ndege hiyo? Hewa nyepesi ilikufanya uende kasi kuliko ulivyodhani? Mteremko ulikudanganya macho? Huwezi kujua, kwa sababu mambo manne yamekuja kwa mpigo mmoja. Mtu akinunua pikipiki mpya, haanzi kuijua kwenye kona za mlimani za Lushoto, usiku, mvua inanyesha, na abiria wawili nyuma. Anazunguka nayo kwanza kwenye barabara ya mtaani kwake, anaizoea breki, anaizoea klachi. Kona za Lushoto zitakuja baadaye.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na nitalirudia: ndege mpya ianze kwenye uwanja unaoufahamu, ulio karibu na usawa wa bahari, wenye njia ndefu na tambarare. Uwe uwanja ule ule kwa kila ndege. Leo umeingiza Cessna, mwezi ujao ATR, mwakani Airbus, zote zianzie hapo. Nauita uwanja wa nyumbani.

Wazo la uwanja wa nyumbani si langu. Lilikuwepo tangu michezo hii ilipoanza. Toleo la kwanza la Microsoft Flight Simulator lilitoka mwaka 1982, nalo lilitokana na kazi ya Bruce Artwick, Mmarekani aliyekuwa ameshaiandikia kompyuta ya Apple programu ya namna hiyo. Kwa matoleo mengi yaliyofuata, ukifungua programu ulijikuta mahali pamoja: Meigs Field, uwanja mdogo kando ya Ziwa Michigan, katika jiji la Chicago. Njia moja tu, kama mita 1,190, maji pembeni, maghorofa ya jiji karibu kabisa. Mamilioni ya watu duniani waliufahamu uwanja huo bila kufika Marekani. Na kwa kuwa kila ndege waliyoijaribu ilianzia hapo, walikuwa na kipimo mikononi mwao. Waliweza kusema, ile ndege ya jana iliinuka kabla ya katikati ya njia, hii ya leo imefika karibu na mwisho ndipo ikaacha ardhi. Uwanja wenyewe haupo tena. Usiku mmoja wa mwisho wa Machi 2003, kwa amri ya meya wa jiji, Richard M. Daley, matingatinga yaliingia na kuchimba alama kubwa za X kwenye njia ile, na ndege hazikutua tena. Lakini hadi leo wapo wanaouweka upya kwenye simuleta zao, kwa sababu ndipo walipozoea kupima.

Sasa wewe msikilizaji wa huku kwetu, uwanja wa nyumbani uwe upi? Napendekeza Julius Nyerere, Dar es Salaam. Sababu? Uko takriban mita 55 tu juu ya usawa wa bahari. Njia yake kubwa, inayoitwa 05 kwa upande mmoja na 23 kwa upande wa pili, ina urefu wa kama kilomita 3, kwa hiyo Cessna inatosha na Boeing inatosha. Hakuna mlima wa kukutisha. Ukipaa kuelekea kaskazini mashariki, mbele yako una jiji na Bahari ya Hindi, kwa hiyo ukigeuka huku na huku hupotei. Aliyeko Mombasa ana Moi, aliyeko Unguja ana Abeid Amani Karume, vyote viko chini karibu na bahari, vyote vina njia ndefu. Msikilizaji wetu wa Muscat au Dubai naye anaweza kuchagua uwanja wa hapo alipo. Ninachosisitiza ni kwamba uuchague na ubaki nao.

Ukishafika uwanja wa nyumbani, unafanya nini? Hapa wengi wanaharakisha. Kwanza, nenda kwenye mpangilio wa hali ya hewa uweke ile wanayoiita hali sanifu: nyuzi joto 15, mgandamizo wa hewa hektopaskali 1013, upepo uzime kabisa. Najua Dar haina nyuzi 15 hata alfajiri ya Julai. Lakini vitabu vya watengenezaji wa ndege huanza hesabu zao kutokea hapo, na wewe unataka kulinganisha na kitabu. Pili, panga uzito. Mafuta kiasi gani, abiria wangapi. Uandike. Ndege tupu na ndege iliyojaa ni kama viumbe wawili tofauti, na ugomvi mwingi wa vijana kuhusu ndege gani ina nguvu unatokana na hilo tu: mmoja amejaza tangi, mwenzake ameruka na robo.

Kisha paa, zunguka, utue. Andika mambo matatu. Ndege imekimbia umbali gani kabla ya kuinuka? Inapanda futi ngapi kwa dakika? Na baada ya kutua, imesimama baada ya umbali gani? Mambo matatu, si zaidi. Chukua Cessna 172 ya aina ya S, ambayo simuleta nyingi zinayo. Kitabu cha mtengenezaji kinasema, ikiwa imejaa, katika usawa wa bahari, inakimbia chini kwa takriban mita 290 na inapanda futi 730 kwa dakika. Ukipata 700, au 750, sema alhamdulillahi, aliyeiandika ndege hiyo ni mtu makini. Ukipata 1,200, kuna walakini, na ni vizuri umeujua sasa, kabla hujaizoea vibaya.

Nafungua mabano kidogo hapa kuhusu kompyuta yenyewe, maana jambo hili linawaumiza wengi wenye mashine za kawaida. Viwanja vya kwenye simuleta havina uzito sawa. Kuna vilivyochorwa kwa mkono, kila taa, kila dirisha, kila gari la mizigo. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020, kwa mfano, ilikuja na viwanja zaidi ya 37,000, lakini vilivyochorwa kwa mkono vilikuwa vichache sana, na Entebbe ilikuwa mojawapo, jambo lililonifurahisha kweli. Ni uwanja mzuri kuutazama. Lakini uwanja wa namna hiyo unakula nguvu za kompyuta. Picha zinaanza kukatika-katika, unavuta usukani sasa hivi na ndege inaitikia baadaye kidogo, na wewe unasema: ndege hii nzito, ndege hii mbaya. Kumbe ndege haina hatia. Kwa hiyo kama mashine yako si ya nguvu, majaribio ya kwanza yafanyie kwenye uwanja mwepesi, wenye majengo machache, anga bila mawingu mazito. Uzuri wa picha utaufurahia baadaye, ukishajua ndege yenyewe ina tabia gani. Nafunga mabano.

Sasa twende Nairobi. Hapa wasikilizaji wapenzi naomba mkae vizuri, kwa sababu kwangu mimi hiki ndicho kiini cha mazungumzo ya leo.

Umepima Dar. Una mambo yako matatu kwenye daftari. Chukua ndege ile ile, uzito ule ule, upepo umezimwa vilevile, ipeleke uwanja wa Jomo Kenyatta. Usibadilishe kitu kingine. Kilichobadilika ni kimoja tu: kimo. Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya futi 5,300. Hewa ya huko ni nyepesi. Injini inavuta hewa kidogo kuliko Dar, kwa hiyo inatoa nguvu kidogo. Propela inashika hewa kidogo. Mabawa yanabebwa na hewa kidogo. Matokeo yake nini? Ndege inakimbia sana kabla ya kuinuka. Inapanda taratibu. Na ukitua, inachukua umbali mrefu zaidi kusimama.

Kwa nini umbali mrefu zaidi wakati wa kutua, ilhali kipima mwendo kimesoma vilevile? Swali zuri sana hilo. Kipima mwendo cha ndege hakipimi ardhi inavyopita. Kinapima msukumo wa hewa inayoingia kwenye bomba dogo lililo nje ya ndege. Hewa ikiwa nyepesi, ndege lazima iende kasi zaidi ili ipate msukumo ule ule. Kwa hiyo kipimo kinasoma 60 Dar na kinasoma 60 Nairobi, lakini Nairobi magurudumu yanagusa lami kwa kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 10. Mchana wa jua kali tofauti inazidi kukua, maana joto nalo linaipunguzia hewa uzito. Sasa je, ndege yako mpya ndani ya simuleta inajua hayo? Hapo ndipo unapoikamata ndege iliyotengenezwa kivivu. Iliyotengenezwa vizuri itakuonyesha tofauti hiyo waziwazi. Iliyotengenezwa kivivu itapaa Nairobi kama ilivyopaa Dar, na ukiona hivyo, ujue umepewa sanamu ya ndege.

Kwa ndege ndogo za petroli kuna la ziada. Kuna mkono wa kupunguza mafuta yanayochanganyika na hewa. Ukiwa Dar, unausukuma wote ndani. Ukifanya hivyo Nairobi, injini inapata mafuta mengi na hewa kidogo, inakohoa, inakosa nguvu. Rubani wa Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, anajua, kabla ya kupaa anaurudisha mkono ule nyuma kidogo mpaka injini ichangamke. Jaribu hivyo kwenye ndege yako mpya. Ukiurudisha na mzunguko wa injini ukapanda, mtengenezaji alikumbuka. Usipobadilika hata kidogo, hakukumbuka.

Na tusidhani kwamba wazo la kuileta ndege Nairobi ili kuipima ni la wachezaji wa kompyuta. Lina historia, na ni historia yetu. Mwaka 1950 Waingereza walikuwa na ndege mpya, de Havilland Comet, ambayo baadaye ilikuwa ya kwanza duniani ya injini za jeti kubeba abiria kwa ratiba. Kabla ya hapo walitaka kujua itafanyaje kwenye joto na kwenye kimo. Wakaileta Khartoum na Nairobi, uwanja wa Eastleigh, ambao leo ni kambi ya jeshi la anga la Kenya. Miaka miwili baadaye, Mei 1952, safari ya kwanza ya abiria ilipoondoka London kwenda Johannesburg, moja ya vituo vyake ilikuwa Entebbe. Kisha ikaja Vickers VC10. Ndege hii iliundwa kwa kufikiria viwanja kama vya kwetu, vya joto na vya juu. Injini zake nne zote ziliwekwa mkiani ili mabawa yabaki wazi, yabebe flapu kubwa za kuinua ndege kwa mwendo mdogo. Ilipaa mara ya kwanza mwaka 1962, na kuanzia 1966 shirika letu la pamoja, East African Airways, likaanza kupokea ile ndefu zaidi, Super VC10. Wazee wanaonisikiliza wanaikumbuka sauti yake. Basi ukiipata VC10 kwenye simuleta yako, uwanja wa kuipima unaujua tayari. Ipakie mzigo, weka joto la mchana, ipandishe kutoka Nairobi, uone kwa nini iliumbwa vile.

Kutoka Dar kwenda Nairobi ni hatua kubwa kwa mkupuo mmoja. Anayetaka kupanda ngazi pole pole ana bahati ya kuishi Afrika Mashariki, kwa sababu ngazi imejengwa tayari. Kilimanjaro, ule uwanja kati ya Arusha na Moshi, uko karibu mita 900. Entebbe ni kama mita 1,150. Nairobi tumesema. Na ukitaka kwenda juu zaidi, Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300, na njia yake ni ndefu, kwa hiyo haikuadhibu kwa kosa dogo. Kila ngazi andika mambo yako matatu. Utaona tarakimu zinavyobadilika, na ukizitazama kwa pamoja utaisoma ndege nzima.

Tukitoka kwenye kimo, tunakuja kwenye upepo. Pwani yetu imetupa kitu ambacho watu wengi wa kwingine hawana: tunajua upepo utatoka wapi kabla hata ya kuangalia utabiri. Tuna kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, unaovuma kutoka kaskazini mashariki. Tuna kusi, kuanzia Aprili au Mei na kuendelea, unaotoka kusini na kusini mashariki. Majahazi yalisafiri kwa pepo hizi hadi Uarabuni na kurudi. Na ndege nazo hutua kwa kuukabili upepo, kwa hiyo pepo hizi zinasema na njia za viwanja vyetu.

Hebu tuangalie. Unguja, njia yake inaitwa 18 na 36, maana yake inakwenda kusini na kaskazini. Kusi ukivuma, unatua 18 na upepo uko usoni kwako, karibu moja kwa moja. Raha. Sasa rudi Dar siku hiyo hiyo. Njia kubwa ya Dar inaelekea kaskazini mashariki kwa upande mmoja, kusini magharibi kwa upande wa pili. Kusi unaupiga ubavu. Umeona? Kipande cha bahari kati ya viwanja viwili, upepo ule ule, na mitihani miwili tofauti kabisa. Ukitaka kujua usukani wa mkia wa ndege yako mpya una nguvu kiasi gani, weka upepo wa kusi na utue Dar. Anza na maili 5 za baharini kwa saa. Nenda 10. Kwa Cessna 172, kitabu kinataja 15 kuwa kiasi kilichothibitishwa wakati wa majaribio ya ndege yenyewe, basi fika hapo uone. Je, unaweza kuinyoosha pua kabla ya magurudumu kugusa? Je, ikiwa chini inabaki katikati ya njia au inageuza pua kuufuata upepo? Na kama ramani ya simuleta yako inayo ile njia fupi ya Dar, 14 na 32, ya kama mita 1,000, tua hapo pia na ndege ndogo. Kusi wa kusini mashariki unakuja usoni. Uwanja mmoja, dakika ile ile, njia mbili: huwezi kupata ulinganisho ulio safi kuliko huo.

Viwanda vya ndege za kweli vinafanya haya haya, ila vyenyewe vinasafiri mbali. Airbus walipotengeneza A350 waliipeleka Iqaluit, kaskazini mwa Kanada, ipigwe na baridi. Waliipeleka pia La Paz, Bolivia, ambako uwanja uko juu ya mita 4,000, ipimwe na kimo. Wakaipeleka Al Ain, katika Falme za Kiarabu, ikae kwenye jua la kiangazi. Breki za ndege nzito hupimwa Istres, kusini mwa Ufaransa, kwa sababu njia yake ni kilomita 5. Na kwa upepo wa ubavu wengi huenda Keflavik, Iceland, ambako njia mbili ndefu zinakatana na upepo hauna likizo. Mnasikia mpangilio wake? Baridi mahali pake, kimo mahali pake, joto mahali pake, breki mahali pake. Hakuna anayepeleka ndege mpya mahali penye balaa zote kwa pamoja. Na wale wana marubani bingwa na fedha zisizohesabika. Wewe una kompyuta, na safari ya kwenda La Paz au Iqaluit haikugharimu kitu, kwa hiyo ifuate njia yao.

Viwanja vifupi navyo? Vina nafasi yake, lakini viendane na kazi ya ndege. Cessna Caravan kila siku inatua kwenye viwanja vya changarawe ndani ya mbuga zetu, basi ipeleke Seronera, Serengeti, usikie vumbi. Kwa ndege ya jeti ya abiria, uwanja mzuri wa kuijua inavyoshuka ni London City. Njia yake ni ya mita 1,500 hivi, na ndege zinashuka hapo kwa mwinamo wa digrii 5 na nusu, badala ya 3 zilizozoeleka. Ndege isiyojua kupunguza mwendo huku ikishuka itaumbuka hapo. Mimi si mpenzi sana wa majaribio haya kwa ndege zisizohusika. Kutua na Boeing kubwa kwenye kijiwanja cha porini ni mchezo tu, wala hakukufundishi chochote kuhusu Boeing hiyo.

Kabla sijaaga, kuna jambo moja ambalo watu hulisahau. Uwanja wenyewe unaweza kuwa si sahihi. Simuleta inategemea takwimu, na takwimu huchakaa. Mfano mzuri uko Goma, kwa ndugu zetu wa Kongo. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, lava ikashuka mjini, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia. Kwa miaka mingi baadaye ndege zilitumia njia iliyofupishwa. Na kwenye kompyuta je? Ilitegemea programu yako ilichukua takwimu za mwaka gani. Wawili wanaweza kutua Goma na ndege ya aina moja, mmoja ana njia ndefu na mwingine ana fupi, kisha wakabishana kuhusu breki hadi usiku wa manane. Vilevile simuleta nyingi za zamani zilisawazisha kila uwanja. Hata Lukla ilikuwa tambarare kama meza. Kwa hiyo kabla ya kuupa uwanja kazi ya kupima, upime uwanja kwanza. Tafuta chati yake rasmi, ambayo mamlaka za usafiri wa anga hutoa. Urefu wa njia ni ule? Kimo ni kile? Vikilingana, endelea. Visipolingana, chagua mwingine, au urekebishe. FlightGear na X-Plane zinaruhusu watu wa kawaida kurekebisha viwanja na kuwapa wengine, na viwanja vyetu vingi vidogo bado vinasubiri mtu wa hapo hapo, anayejua jengo liko upande gani, ajitolee kuvichora.

Basi wasikilizaji, kazi ya wiki hii ni hiyo. Aliye na simuleta, achukue ndege moja anayoipenda. Hali sanifu, upepo sifuri, uzito umeandikwa. Apae Dar, au uwanja wowote wa pwani, aandike umbali wa kupaa, futi za kupanda kwa dakika na umbali wa kusimama. Kesho yake Nairobi, bila kubadilisha kitu. Halafu atuandikie: ndege gani, na tarakimu zimebadilikaje. Wiki ijayo nitazisoma hapa, ndege kwa ndege, tuone zipi zinajua kimo cha Nairobi na zipi hazijui.